Kete Ishirini na Nne

 Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi kabla ya chai. Umepangiwa kidato cha tano, wanafunzi 58, na mada unayoanza nayo ni usanisinuru. Si ule wa shule ya msingi wa jua, maji na hewa ukaa, bali wa ndani kabisa, wa protini na elektroni. Unasema umekeshea vitabu siku tatu, andalio la somo lina majina 41, na bado hujui pa kuanzia. Unaniomba mchoro wangu wa zamani, ule uliokuwa ukining'inia maabara.

Mchoro upo, umekunjwa kabatini. Lakini kabla sijautoa, acha nikusimulie ulivyoniponza.

Nilikuwa na miaka minne kazini. Nilijaza ubao mzima kwa chaki za rangi nne: elektroni zinavyopanda, zinavyoshuka, zinavyopanda tena, kila kituo na jina lake. Wanafunzi wakanakili kimya, nami nikaufurahia ule ukimya nikidhani ndio kuelewa. Kwenye jaribio kijana mmoja akapata alama 19 kati ya 20. Jioni yake tulikuwa shamba la shule tukipalilia mahindi, yeye na mstari wake, mimi na wangu. Nikamuuliza, katika kupiga soga tu, "Hivi huo unga tutakaousaga msimu ukiisha, sasa hivi uko wapi?" Akachoma jembe ardhini, akageuza bonge la udongo, akanionyesha. "Umo humu, mwalimu. Mizizi inaunyonya kidogo kidogo."

Hakuwa mzito wa kichwa. Ni miongoni mwa wenye akili sana niliowahi kuwafundisha. Mimi ndiye niliyempa vitu viwili visivyojuana: ubao wenye mishale, na mhindi wenye majani. Majina yote alikuwa nayo. Kazi zake hakuwa nazo hata moja. Tangu jioni ile nimeifundisha mada hii kwa sharti moja, nalo ndilo ninalokuachia: jina lisitangulie kazi. Mwanafunzi aione kwanza kazi inayotakiwa kufanywa, ahangaike nayo, mpaka aulize mwenyewe ni nani anayeifanya. Hapo mpe jina, naye atalishika bila kukariri.

Basi anza na uzito. Ingia darasani na kipande cha ukuni mkavu na gunzi la hindi, uwapitishie mkononi, halafu uliza swali lile la shambani. Usilijibu. Waache wabishane mpaka nusu ya kipindi. Watakaosema udongo watakuwa wengi, usiwacheke na usiruhusu wachekwe. Kisha wasimulie habari za Jan van Helmont, tabibu wa Brussels, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Alipima ratili 200 za udongo mkavu, akautia chunguni, akapanda mche wenye ratili 5 wa mti unaopenda kuota kando ya mito ya kwao. Miaka 5 hakuupa kitu ila maji. Mti ukafikia ratili 169 na ushei. Udongo alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua wakia 2 hivi.

Andika tarakimu hizo ubaoni, uziache zizungumze. Van Helmont mwenyewe alikata shauri kwamba mti wote umetokana na maji, na hapo alipata nusu tu. Nawe wafundishe kosa lake kwa heshima, maana lina funzo kubwa: ni yeye aliyetupa neno gesi, na alikwisha kuitambua hewa inayotoka mkaa unapoungua. Hewa iliyoujenga mti wake aliijua, akaipa na jina, lakini haikumpitia akilini kwamba ndiyo yenyewe. Ukuni mkavu karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na kaboni hiyo yote ilikuwa inaelea angani. Sasa kazi imeonekana. Hewa tunayovuta, katika kila sehemu 10,000, ina hewa ukaa sehemu 4 na kidogo. Ndani ya jani yumo anayeichambua hewa nyepesi namna hiyo na kuigeuza gogo la mninga. Ni nani huyo, na nguvu anazitoa wapi?

Waache waende nalo bwenini hilo swali. Usimalizie.

Siku ya pili nenda na fungu la mchicha, spiriti ya duka la dawa, kinu kidogo na mchi wake, chujio la chai na glasi nyembamba. Twanga majani na spiriti mpaka upate maji ya kijani kizito, uchuje mara mbili. Moto usiwepo karibu hata kidogo. Spiriti hushika haraka kuliko unavyodhani, na darasa la watu 58 lina mlango mmoja. Mimina kiasi kwenye sahani, simamisha humo kipande cha chaki nyeupe. Rangi itapanda chaki pole pole, na baada ya dakika kadhaa wataona kijani na manjano zikiachana njia. Wakubwa wengi hawajawahi kuliona hilo, kwamba jani la kijani lina rangi nyingine zilizojificha chini ya kijani.

Lakini kubwa bado. Ziba madirisha kwa khanga na maboksi, chumba kiwe giza kweli. Washa tochi ya simu, uimulike glasi ubavuni, na uwaambie wasiikabili tochi, waitazame glasi kwa pembeni. Yale maji ya kijani yatawaka wekundu. Wekundu mzito, wa kahawia kidogo, kama makaa yaliyofunikwa majivu. Darasa litapiga kelele, nawe liache lipige. Zima tochi, wekundu hupotea hapo hapo, washa, unarudi.

Hapo ndipo somo lote lilipo, mwanangu, na wengi hupita hapa mbio. Umbijani, yaani ile rangi ya kijani, ukipigwa na nuru, elektroni yake moja hupandishwa daraja. Ndani ya jani lililo hai, nguvu hiyo hurukia molekuli ya jirani, na ya jirani wa jirani, mpaka kwenye kituo ambako elektroni yenyewe hukabidhiwa mtu mwingine. Yote hayo hayachukui hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Sisi tumeyatwanga majani. Tumewatawanya majirani kwenye spiriti. Umbijani bado unaipokea nuru kama kawaida, ila hauna wa kumpa, basi unairudisha hewani ikiwa nyekundu. (Jani zima nalo huvujisha wekundu huu, kama asilimia 1 au 2 tu ya nuru inayomezwa, kwa hiyo macho hayauoni.) Waulize: tulichokiharibu kwa mchi ni kitu gani, hali umbijani wote umo ndani ya glasi? Wataanza kutafuta neno, na watakalolipata ni mpangilio. Nani amekaa karibu na nani, nani anampokea nani. Mtambo wa usanisinuru ni huo mpangilio, na ndio maana nakuambia majina 41 yaliyopangwa ukurasani kama orodha ya mahudhurio hayamfikishi mtu popote.

Ukipenda, waongezee habari ya Robert Emerson na William Arnold, ambao mwaka 1932 waliupiga mwani kwa mimweko mifupi ya nuru wakapima oksijeni. Walikuta kwamba kwa kila molekuli moja ya oksijeni inayotoka, kuna molekuli kama 2,400 za umbijani. Mamia hukusanya, mmoja hukabidhi.

Siku ya tatu ndiyo ya kete. Toka nao nje, chini ya mwembe kama upo. Laza kamba ndefu ardhini: hiyo ni utando wa kifuko bapa kiitwacho thailakoidi, upande mmoja ni ndani ya kifuko, upande wa pili ni nje. Panga wanafunzi kumi juu ya kamba, umpe kila mmoja kazi, usimpe jina. "Wewe unapasua maji." "Wewe unapokea kete mbili, unachota maharage mawili upande wa nje, unayamwaga ndani." Kete ni elektroni, maharage ni protoni. Kofi moja la darasa ni chembe moja ya nuru. Bila kofi, hakuna kete inayosogea kituoni.

Anayepasua maji mkalie karibu, kwa sababu kazi yake ndiyo ngumu kuliko zote duniani na ndiyo inayotupa pumzi. Molekuli mbili za maji zina kete nne za kutoa. Kituo kinachozidai huchukua moja moja, kwa kila kofi. Yeye azitoe moja moja bila kuziachia nusunusu, na oksijeni isitoke mpaka zimetimia nne. Tumejuaje? Mwaka 1969 Pierre Joliot wa Ufaransa na wenzake waliiweka mitambo hii gizani, kisha wakaipiga mimweko mmoja mmoja. Oksijeni haikutoka kila mweko. Ilitoka kwa wingi mweko wa 3, kisha wa 7, kisha wa 11. Mwaka uliofuata Bessel Kok na wenzake wakaeleza kwamba yupo humo mweka hesabu anayehesabu hadi nne, akifika anaachia oksijeni na kuanza upya. Darasa lako litaliona hilo kwa makofi yao wenyewe. Halafu atatokea mmoja, daima hutokea, aulize: kama anahesabu hadi nne, mbona mara ya kwanza alitoa kofi la tatu? Mwachie mpaka kesho yake. Akirudi na jibu kwamba kule gizani mweka hesabu alikuwa ameshatulia hatua moja mbele, huyo mshike mkono mbele ya wenzake.

Sasa wape jina na sura yake. Ni fundo la atomu 4 za manganizi, 1 ya kalisi na 5 za oksijeni, limekaa kama kiti kilichopinda. Sura hiyo ilionekana kwa ukaribu mwaka 2011, Japani, kwa kazi ya Jian-Ren Shen, Nobuo Kamiya na wenzao. Na kwamba oksijeni tunayovuta hutoka kwenye maji, wala si kwenye hewa ukaa, hilo Samuel Ruben na Martin Kamen walilionyesha mwaka 1941 kwa maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida. Sisitiza hilo. Vitabu vingi vya watoto vinaacha mtu afikiri mti unavuta hewa chafu na kuirudisha safi, kama chujio.

Mchezo ukishakolea, fanya hivi. Aliye kituo cha pili, yule wa kubeba kete mbili, mnong'oneze mwanafunzi mwingine aende akakae kwenye nafasi yake ya kupokelea, akae tu, asipokee wala asitoe. Piga makofi. Kete zitakwama, nyuma yake kila kitu kitasimama, na nguvu ya makofi haina pa kwenda. Ndivyo inavyofanya atrazini, dawa ya magugu inayopigwa kwenye mahindi: molekuli ndogo inayokalia kiti cha plastokwinoni, yule mbebaji wa kete mbili. Gugu hufa juani, tena jua likiwa kali hufa upesi zaidi. Mhindi nao hukaliwa vilevile, ila wenyewe una vimeng'enya vinavyoivunja dawa hiyo kabla haijaleta madhara. Yule kijana wangu wa shambani angelipata hili siku ile, asingelisahau maisha yake yote.

Mitambo inayopandisha kete kwa nuru ni miwili, na watakuuliza pia mbona kete huanzia ule unaoitwa wa pili kisha huenda wa kwanza. Waambie mitambo ilipewa namba kabla ya kujulikana utaratibu wa kazi, usipoteze dakika zaidi hapo.

Kuna jambo la lugha. Somo utalifundisha kwa Kiingereza, na mtihani wa taifa utawajia kwa Kiingereza, hilo halina mjadala, wala sikushauri uwapunje maneno watakayoulizwa. Ila chini ya mwembe waache waseme Kiswahili. Nimeona kwa miaka mingi mwanafunzi anayeandika sentensi nzuri ya kitabuni bila kujua inasema nini, na yule yule ukimwambia "hebu nieleze kama unavyomweleza mdogo wako" ama anang'aa ama anakwama, na kwa vyovyote vile wewe umeshajua alipo. Neno lenyewe usanisinuru lifungue mbele yao: usanisi, kuunganisha vitu kuwa kimoja, nuru, unaijua. Watajua kazi kutoka kwenye jina. Maneno ya kigeni mengi hayana huruma hiyo, kwa hiyo yasubiri kazi iyatangulie.

Sasa nije kwenye kipande ninachokipenda kuliko vyote. Baada ya raundi kadhaa, tazameni upande wa ndani wa kamba: maharage yamejaa. Upande wa nje yamebaki machache. Waulize yanafaa nini. Watasema taka. Na kwa kweli wataalamu wenyewe walikaa miaka mingi wakitafuta kitu kingine kabisa, kemikali fulani yenye nguvu nyingi ambayo ingepokea nguvu ya elektroni na kuipeleka kwenye ATP, molekuli inayobeba nguvu ndani ya seli. Hawakuiona. Mwaka 1961 Peter Mitchell, Mwingereza, alisema hakuna kemikali hiyo. Nguvu imo kwenye msongamano wenyewe, protoni nyingi huku, chache kule. Wengi hawakumsadiki.

Kisha mwaka 1966 Andre Jagendorf na Ernest Uribe, huko Marekani, wakafanya jaribio ambalo mimi hulisimulia kila mwaka, na kila mwaka nywele hunisimama. Walichukua vifuko vya jani la spinachi, wakavizamisha kwenye tindikali, pH 4, mpaka ndani yake nako kukawa na ukali ule ule. Kisha ghafla wakavihamishia kwenye maji ya pH 8, yenye ADP na fosfati, malighafi za ATP. Gizani. Hakuna nuru, hakuna elektroni iliyopanda wala kushuka, hakuna makofi. ATP ikatengenezwa. Ukali ndani, ukali ukakosekana nje, protoni zikatafuta njia ya kutoka, na katika kutoka kwake kazi ikafanyika. Mitchell alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Ukiwasimulia hilo, usiseme matokeo mapema. Fika kwenye neno gizani, kisha nyamaza, uwaulize: mnadhani ilitengenezwa au haikutengenezwa? Wapige kura. Mwanafunzi aliyepiga kura yake amejiweka rehani, atasikiliza.

Njia ya kutokea ni kimeng'enya kinachozunguka. Kinazunguka kweli, si kwa tamathali. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walikifungia uzi mwembamba wa protini wenye kung'aa, wakauona chini ya hadubini ukizunguka kama feni. Mwaka huo huo Paul Boyer na John Walker wakapata Nobel kwa kueleza kinavyofanya kazi. Hapa tumia mfano wa kituo cha umeme cha Kidatu. Watoto wa Morogoro na Iringa wanalijua bwawa la Mtera, maji yanavyohifadhiwa juu na kuja kuzungusha mashine za Kidatu chini, megawati 204. Kifuko ni bwawa, protoni ni maji, kimeng'enya ni mashine. Mfano huu ni mzuri na utawafaa, lakini uwaonyeshe pia unapovunjika. Maji ya Kidatu yanaendeshwa na uzito. Protoni hazianguki, zinasukumwa na wingi wake na chaji zake. Na mashine ya Kidatu imesimamishwa na mafundi juu ya zege, wakati hii imezungukwa na molekuli za maji zinazoigonga pande zote bila kukoma, nayo inafanya kazi humo humo kwenye vurugu. Kila mfano utakaowapa, jiko, kiwanda, betri ya simu, wape na mpaka wake, la sivyo mfano hugeuka kuwa imani.

Sehemu ya mwisho kitabu chako labda kinaiita hatua ya giza. Liepuke jina hilo. Kila mwaka wapo wanaoandika kwamba mmea hutengeneza sukari usiku. Hatua hii hufanyika mchana, sambamba na ile nyingine, na baadhi ya vimeng'enya vyake huwashwa na nuru yenyewe kwa kupitia elektroni zile zile za kwenye kamba. Jua likizama, navyo huzimika. Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham waliifuatilia kule California kwa kaboni yenye mnururisho: mwani kwenye chupa bapa, hewa ukaa yenye alama, sekunde chache, kisha bomba linafunguliwa na mwani unaanguka kwenye pombe ya moto, unakufa pale pale na kila kitu kimebaki kilipokuwa. Nobel ya mwaka 1961 alipewa Calvin peke yake. Benson, ambaye mikono yake ilifanya sehemu kubwa ya kazi ile, hakutajwa kwenye tuzo hiyo. Mtaje wewe.

Kimeng'enya kinachoshika hewa ukaa ni rubisko. Sitaki uwaambie kwamba jani limekamilika bila dosari, kwa maana si kweli na watoto wanastahili ukweli. Rubisko ni nzito kazini: hushika molekuli 3 hivi kwa sekunde, wakati baadhi ya vimeng'enya vingine hufanya maelfu. Tena huchanganya, badala ya hewa ukaa mara nyingine hushika oksijeni, na joto likizidi makosa huongezeka. Ndiyo sababu jani hulazimika kuwa nayo kwa wingi mno. Hapa warudishe shambani. Mpunga, muhogo na maharage huishi na kosa hilo. Mhindi, mtama, muwa, na mchicha ule mliotwanga, ina chumba cha nje kinachoikamata hewa ukaa kwanza na kuisukuma kwenye chumba cha ndani, ili rubisko izungukwe nayo mpaka isipate nafasi ya kukosea sana. Kazi hiyo ya kwenye muwa iliwekwa wazi na Hal Hatch na Roger Slack huko Australia mwaka 1966. Na mkonge, ambao watoto wa Tanga wanauona kila siku kando ya barabara ya Korogwe, hufungua vinyweleo vyake usiku, huihifadhi hewa ukaa kama tindikali mpaka asubuhi, kisha hufunga milango jua likiwaka. Mpe mwanafunzi jani la nanasi la alfajiri na la jioni, ayakamue, apime kwa karatasi ya pH. Aje akuambie yeye.

Utaniambia muda hautoshi, na azimio la kazi linasema vipindi vinane. Najua. Mkuu wa idara atakapopita akaona daftari halina mchoro mpaka wiki ya pili, atakuita. Mwonyeshe maswali wanayouliza. Mchoro utakuja, na majina yote 41 yatakuja, siku ya sita au ya saba. Utashangaa wanavyoyajaza wenyewe ubaoni, kila mmoja akimtaja mwenzake aliyesimama pale kwenye kamba.

Kwa wale watatu au wanne wasiotosheka, wape hesabu hii, uwaache nayo. Kete nne zikipita njia nzima, protoni 12 hukusanyika ndani. Mzunguko mmoja wa kimeng'enya cha spinachi huhitaji protoni 14 na hutoa ATP 3. Kushika molekuli moja ya hewa ukaa kunahitaji kete nne hizo na ATP 3. Wagawanye, wazidishe, watakuta pungufu, ATP 2 na nusu na ushei. Wataanza kushuku hesabu yako, kisha hesabu ya kitabu. Mmoja akisimama na kusema "basi lazima kuna kete nyingine zinazorudi nyuma na kuzunguka tena, kusukuma protoni tu", atakuwa amelifikia kwa kichwa chake jambo ambalo jani linalifanya kweli, kwenye mtambo wa kwanza.

Mchoro nimeamua nisikutumie kwa sasa. Nakutumia bao langu la zamani kwa basi la Jumamosi, nitampa kondakta namba yako akupigie akifika. Kete ni 64, zote zimo, nimezihesabu leo alasiri. Molekuli moja ya glukosi inadai elektroni 24 kutoka molekuli 12 za maji, kila moja ikipandishwa na nuru mara mbili, yaani makofi 48. Zihesabu hizo 24, uzitie kwenye kifuko cha peke yake, na ukifika chini ya mwembe mpe wa kwanza mbili za mwanzo bila kumwambia ni nini.